Aliyeishia Getini

Miaka yote tuliyosoma kilimo, mimi na mwenzangu tulipanga chumba kimoja Rumonge mjini, nyuma ya soko. Sote wawili tulizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tukaletwa Burundi tukiwa wasichana wakubwa, na shule tuliyoikuta ilikuwa ya Kifaransa. Darasani walituita Watanzania. Mimi nilizoea upesi, maana sikuwahi kuwa hodari, na kushindwa kwangu hakukuwa jambo geni. Yeye kambini alikuwa wa kwanza kila muhula. Na hapa pia, ikiwa ni mtihani wa kuandika, hakuna aliyemfikia.

Kilichomvunja kilitokea mwaka wa kwanza. Mwalimu alimsimamisha aeleze somo mbele ya darasa, akatamka neno moja vibaya, likageuka kuwa neno la aibu. Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye akainamisha uso, lakini tuliona mabega yake yakitikisika. Tangu siku hiyo mwenzangu hakunyoosha tena mkono.

Staji, yaani mafunzo ya kazini, alifanyia Kizuka, kwenye kitalu cha michikichi, ambako miche ilikuwa ikinyauka bila mtu kujua sababu. Huko aliongea Kirundi na Kiswahili, na alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimtembelea nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, amepasua mzizi kwa wembe, anawaonyesha wakulima mahali uozo ulipoanzia. Alikuwa anacheka. Alirudi akaandika kazi yake ya mwisho vizuri mno, kurasa safi, michoro kaichora mwenyewe kwa penseli.

Ilibaki kuitetea kazi hiyo kwa mdomo, mbele ya juri, jopo la watahini.

Mimi nilijifunza kwa kuuhutubia ukuta wa chumba chetu. Yeye alilala kitandani ananisikiliza.

"Unajichosha bure," aliniambia jioni moja. "Tukishamaliza, nani atatupa kazi? Kazi zina wenyewe. Una mjomba ofisini wewe?"

"Sina."

"Kifaransa unacho?"

"Unakisikia mwenyewe."

"Basi. Na bado watasema tumetoka Tanzania, turudi kwetu."

Kila alichokitaja kilikuwa kweli. Tena kilikuwa kweli kwangu kama kilivyokuwa kwake. Tofauti ni kwamba mimi nilikisema mara moja nikarudi kwenye ukuta, yeye alikirudia kila jioni mpaka kikawa kama sala.

Siku ya kutetea aliamka mapema, akapiga pasi blauzi yake, akaniambia nitangulie. Hakuja.

Nilipoitwa, niliingia. Nilianza vizuri, halafu katikati Kifaransa kikanikauka mdomoni. Mwenyekiti wa juri, mzee mwenye miwani minene, alivumilia, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu huku:

"Malizia na Kirundi, mutoto wangu. Sisi tunataka tujue kama kazi uliifanya."

Nikamalizia kwa Kirundi. Nilipita, kwa alama za chini, lakini nilipita. Nikiwa nakusanya vitu vyangu akaniuliza: "Na yule mwingine iko wapi? Ule wa michikichi. Kazi yake tumeisoma. Pale Kizuka iko nafasi, nilitaka aiendeleze."

Nilipanda gari siku hiyo hiyo hadi Magara, kwao. Nilimkuta ufukweni na mama yake, wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Blauzi ile ya pasi ilikuwa imejaa magamba. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kutandaza samaki.

"Walikuruhusu Kirundi?"

"Ndiyo."

"Wewe walikuonea huruma. Mimi watanicheka."

"Mzee mwenyewe amekuulizia."

"Wanasema tu."

Mama yake ndiye aliyemsukuma. Juri walimpangia siku nyingine, akaja, nami nikamsindikiza. Njiani alitapika kando ya barabara, akajifuta, tukaendelea. Getini walisimama wanafunzi wa mwaka wa chini wakiongea Kifaransa cha haraka haraka, wakacheka jambo lao. Alisimama.

"Wananiangalia."

"Hakuna anayekuangalia."

Na kweli hakuna hata mmoja aliyegeuka. Lakini aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu. Akasema amesahau kitu chumbani, anakichukua mara moja. Nilimtazama akiondoka kwa mwendo wa kawaida, hakukimbia, mpaka akapotea sokoni. Yule mzee alitoka mlangoni, akaangalia huku na huku, akaniona niko peke yangu, akarudi ndani. Niliporudi chumbani nilikuta kitanda chake kitupu, godoro halipo.

Nafasi ya Kizuka ilipewa mtu kutoka Bujumbura. Mimi na diploma yangu nilirudi nyumbani Bugarama kulima mihogo na baba, nikapeleka maombi huku na kule, nikajibiwa kimya. Siku nyingi nilijiambia kwamba mwenzangu aliona mbali kuliko mimi. Mwishowe kitalu cha Kizuka kilinichukua kwa mkataba wa msimu, ukiisha naomba mwingine. Ni kazi ndogo. Lakini ni kazi, na kila ninapoing'oa miche iliyooza naijua sababu, kwa kuwa aliyeigundua nililala naye chumba kimoja.

Miaka ilipita, kisha ziwa likapanda. Maji yaliingia Magara, yakala vibanda vya ufukweni, ikiwemo nyumba ya mama yake. Nilikwenda kuwapa pole. Walikuwa wamehamia upande wa juu wa barabara, chini ya turubai. Mwenzangu alikuwa amekonda. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za michikichi kwa adabu, kama mtu anayeulizia wagonjwa wa jirani.

Mdogo wake alikuwepo, binti aliyeletwa kutoka Tanzania mgongoni. Alikuwa amefaulu mtihani wa taifa, na chuo kikuu kilikuwa kinaandikisha.

"Umeshajiandikisha?" nilimuuliza.

Alimtazama kwanza dada yake. "Dada anasema sitaweza."

"Nitakwenda naye mimi," nikamwambia mwenzangu. "Nitasimama naye kila ofisi."

Akatikisa kichwa, bila hasira. "Usimdanganye. Wewe unaondoka jioni, sisi tunabaki naye. Akirudi amevunjika, ni nani atamwokota?"

Nilimwachia binti namba yangu ya simu. Hakupiga, na muda wa kujiandikisha ukapita.

Msimu wa mvua uliofuata, gari nililopanda lilisimama Magara ili abiria wanunue samaki. Binti alikuwa kando ya barabara na beseni lake, dada yake nyuma akifunika ndagala kwa nailoni. Abiria mmoja mwenye tai alimuuliza bei kwa Kifaransa, kwa dharau kidogo. Binti akamjibu kwa Kifaransa, bila kutafuta maneno, akamweleza samaki walivuliwa lini na waliwekwaje, safi kabisa, kama mtu anayepumua. Yule bwana akanunua. Mwenzangu aliendelea kufunika nailoni, na gari likaondoka.