Neno Nililompa Kemunto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatatu moja ya miaka ya sitini, mzee Nyakundi aliponiuliza swali nikakosa pa kuweka macho. Yeye alikuwa dresa, msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda na kudunga sindano, katika zahanati ndogo ya misheni, upande wa Ikonge. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule juzi, kazi yangu kugeuza Kiingereza cha daktari kiwe Ekegusii cha wagonjwa. Na nilikuwa na maringo, nisikudanganye.

Maringo yenyewe yalikuwa ya maneno. Shuleni mwalimu alitufundisha neno la Kiingereza la tukio lisilo la kawaida, kisha akatutajia ndugu wa neno hilo: moja la jambo la kushangaza, jingine la jambo linalotokea kwa nadra, jingine la lile ambalo Mungu peke yake hulitenda. Akatuonya kwamba hata kama ni ndugu, kila mmoja ana nyumba yake. Niliyaandika yote daftarini, nikalipenda lile kubwa, la Mungu, kupita mengine. Onyo sikuliandika.

Basi akaja Kemunto na binti yake Nyaboke, wa miaka minne, kifua kikuu kimemkondesha hadi mbavu zinahesabika. Kila asubuhi mama huyo alimbeba mgongoni kuja kudungwa sindano. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Daktari alifurahi, akasema anaendelea vizuri kuliko alivyotarajia, na kwamba sindano bado ni za miezi mingi. Mimi nikamwambia Kemunto, "Daktari anasema huu ni muujiza." Sindano nilizitaja pia, lakini mwishoni na kwa sauti ndogo, maana hazikuwa na utamu. Wakati huo Kemunto alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha.

Hakurudi tena. Wiki mbili zilipita, ndipo Jumatatu ile mzee Nyakundi akaniuliza nilimwambia nini yule mama. Nilipomjibu, aliacha sindano alizokuwa akizichemsha, akanigeukia.

"Moraa, umempa neno ambalo daktari hakulitoa," alisema. "Mtoto akifa, atakufa kwa neno lako. Nenda ukalichukue."

Nilikwenda mchana uleule. Kemunto alikuwa uani akipepeta wimbi, na ndani nikasikia Nyaboke akikohoa. Aliniambia bila hasira kwamba siku ya Sabato alisimama kanisani, akamwinua mtoto, akatoa ushuhuda kuwa Mungu amemaliza kazi. "Nikirudi kwenye sindano," alisema, "nitakuwa nimemwita Mungu mwongo mbele ya watu wote." Nilimbembeleza hadi mdomo ukakauka. Alinipa uji, akanisindikiza mpaka barabarani.

Nikaelewa kwamba neno langu halikuwa tena kwake. Lilikuwa kanisani, na huko ndiko nilikopaswa kulifuata. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa hilo, mtu wa heshima zake, na niliogopa kumwaibisha kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Lakini kile kikohozi kilikuwa masikioni mwangu wiki nzima. Niliamua kwamba nitasema, hata kama nitafukuzwa nyumbani.

Sabato ilipofika, wakati wa ushuhuda nilisimama. Nilisema, "Neno muujiza nililitia mimi, kwa sababu lilinipendeza. Daktari alisema mtoto anaendelea vizuri, na sindano zisikatizwe. Kemunto hakudanganya. Niliyedanganya ni mimi."

Baba aliinamia viatu vyake. Kemunto alimbeba mtoto akatoka kabla ya wimbo wa mwisho, nami nikajua nimeshindwa.

Jumatatu, kabla hatujafungua mlango wa zahanati, Kemunto alikuwa amekaa kwenye benchi, wa kwanza kabisa. Nyaboke alikuwa mgongoni tena, miguu imemwishia nguvu.

"Leo niambie yote," alisema, "na usianze na tamu."

Ilibidi matibabu yaanze upya, kuanzia sindano ya kwanza. Kila mara mtoto alipolia nilijua ni mimi niliyemwongezea maumivu yale. Nyaboke alipona. Mwaka jana alikuja kunisalimia na mkungu wa ndizi, kichwa chake kimejaa mvi kama changu.

Sasa nyinyi, mwanangu, kila mnachokiona kwenye simu zenu ni maajabu ya dunia, hata paka akiruka dirishani. Cheka, lakini nisikilize. Jambo likikushangaza, sema limekushangaza. Likiwa la nadra, sema ni la nadra. Muujiza uuache pale ulipo mpaka uwe tayari kuusimamia mbele ya mgonjwa. Na lile lisilo na utamu litaje kwanza, kwa sauti ileile. Ukikosea, usitume mtu. Lifuate neno lako mwenyewe hadi pale lilipofika, si pale ulipoliachia tu.

Mungu akubariki, akupe macho ya kuona jambo kwa ukubwa wake, na miguu ya kurudi ulikokosea.