Pikapu Iliyokataa Mlima

Pikapu ya kaka yangu ilikuwa na kitufe. Magari mengine ya aina hiyo niliyoyajua kule Githongo yalikuwa na kijiti sakafuni: unakivuta, unasikia chuma kimeuma chuma, na magurudumu yote manne yanaanza kuvuta. Hii yake ulibonyeza kitufe kwenye dashibodi, taa ya kijani ikapepesa kidogo, kisha ikatulia. Ikitulia, fowili, yaani mvuto wa magurudumu yote manne, imeshika. Kaka alikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Embu, na kitufe hicho alikipenda kupita kiasi. Aliponifundisha kuendesha alinikataza kukibonyeza kwa nguvu, eti nitakichosha.

Alirudi nayo nyumbani katikati ya miaka ya tisini, akiwa mgonjwa. Kila mtu alijua ni ukimwi. Sisi nyumbani tuliita kifua. Alikuja na godoro, televisheni ndogo isiyo ya rangi, na koti ambalo zamani lilimkaa vizuri. Mama akampa chumba cha mbele. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi ya jirani, kwa hiyo nikawa pia dereva wa nyumba.

Nyumba yetu iko bondeni, kati ya mibuni na kijito. Kutoka hapo hadi lami ni mlima wa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha udongo huo unateleza kama sabuni. Bila fowili hutoki. Mvua za Novemba zilipoanza ndipo taa ya kijani ilipoanza vituko vyake. Nilibonyeza, ikapepesa, ikapepesa, ikazimika. Magurudumu ya nyuma yakachimba shimo. Nikarudi kinyumenyume hadi uani nikilitukana gari kwa Kimeru, lugha ambayo kwa matusi haina mpinzani.

Siku hizo hizo kifua chake kikawa kibaya. Mama alitaka tumpeleke hospitali mjini akawekewe maji na kudungwa sindano, kama mwezi wa nane, alipokwenda akiwa hajiwezi akarudi anakula. Nikasema tuwaite wanaume wambebe kwa machela hadi lami. Mama akakataa kabisa. Hakutaka majirani waone kilichobaki chini ya blanketi.

"Mwari," aliniambia, yaani binti, "tengeneza gari. Mtoto wangu atatoka hapa amekaa kiti cha mbele kama watu."

Basi nikatengeneza gari. Tulimweka kaka kwenye kiti pale mlangoni, amejifunga shuka. Yeye akawa kichwa, mimi mikono. Akasema niangalie fyuzi. Zilikuwa nzima. Akasema itakuwa swichi, niifungue niisafishe kwa spiriti. Nikaisafisha, na taa ikaendelea kupepesa. Akasema ni waya unaoingia kwenye giaboksi, umeshika maji. Nikalala topeni chini ya gari nikiukausha waya kwa kitambaa, na nilipotoka nina tope hadi masikioni alicheka mpaka akakohoa vibaya. Nilifurahi kumwona anacheka. Ningelala topeni tena.

Kisha akanituma Makutano nikatafute mota ndogo inayosukuma gia za fowili. Nilipanda mlima kwa miguu, na huko mjini nikazunguka kwenye maduka ya spea hadi visigino vikaniwaka moto. Kila duka waliniuliza mwenye gari yuko wapi. Mmoja akaniambia, "Madam, hiyo ni gari ya kompyuta. Wewe uza tu." Nikarudi na mota kuukuu iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka. Tukaifunga. Taa ikapepesa, ikazimika.

"Basi ni kompyuta yenyewe," kaka akasema, bila kunitazama. "Na hiyo hupati hapa."

Mama akachoka na ufundi wetu. Jumamosi asubuhi aliagiza fundi wa pale sokoni, naye akateremka na spana zake na betri yake mwenyewe ndani ya kiondo. Hakuingia hata chini ya gari. Alifungua boneti, akagusa kichwa cha waya wa betri kwa kidole, kikazunguka.

"Mwalimu, hii betri mnafanyia nini?"

"Tunawasha TV."

Stima haikuwa imefika kwetu. Kila jioni niliifungua betri ya pikapu nikaiingiza chumbani kwa kaka, akatazama taarifa na mpira na chochote kilichokuwapo, na asubuhi nikairudisha. Gari tuliwasha kwa kuliachilia mteremkoni kuelekea kijitoni, kama kila mwenye gari bovu kule, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba betri imechoka.

"Sasa hiyo ndio shida," fundi akasema. "Imeisha moto, na hii kichwa imelegea juu ya kufungua-fungua. Mota ya four-wheel inataka moto mingi. Ikikosa, kompyuta inakataa." Akaukaza waya kwenye betri yake. "Lakini brother yako si ni mtu wa wiring? Hii ndio kitu ya kwanza huwa tunacheki."

Nikawasha gari, nikabonyeza. Taa ikapepesa, ikatulia. Chini yangu kitu kikagonga na kushika. Fundi akasema nitumie betri yake hadi kesho, akashika njia.

Niliingia chumbani nikiwa nimeacha injini inanguruma.

"Imeshika," nikamwambia kaka.

Akafumba macho.

"Ulijua ni betri."

"Tangu siku ya kwanza."

Nilimfokea. Nilimwambia nimegaagaa kwenye matope kwa ajili yake, nimechekwa na wajinga wa Makutano, na mama anakonda kuliko yeye. Alingoja nimalize.

"Ile mwezi wa nane hospitalini tulikuwa wawili kitanda kimoja," akasema. "Yule mwingine akafa asubuhi. Mguu wake ulikuwa juu yangu. Sitaki kufia kule. Hapa nasikia kuku."

"Mwambie mama."

"Mama siwezi. Nimekwambia wewe."

Mama aliita kutoka uani. "Imepona?"

Nikatoka nikasimama mlangoni. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani, na chupa ya uji mkononi. Nilijua hospitali ingeweza kumpa kaka mwezi mwingine, labda miwili. Nilimchukia kwa kuniachia mimi jambo hilo. Nilimpenda pia, na nilitamani huo mwezi kuliko mama alivyoutamani.

"Bado," nikasema.

Mama akalitazama gari lililokuwa likinguruma, akanitazama mimi. Aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumvua kaka viatu alivyokuwa amemvisha tangu alfajiri.