Pistoni za Mama Lynnet

Marcella Akoth, ambaye mjini Migori walimwita Mama Lynnet, alikuwa fundi wa injini za mashine za posho. Mwaka wa kwanza wanaume walimcheka. Wa pili wakaanza kumletea injini zilizowashinda. Lakini mwaka 1995 ilikuja moja iliyomshinda na yeye.

Ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Ndhiwa. Pistoni ya aina yake haikupatikana tena madukani, hivyo Marcella alimwomba Ombati, aliyekuwa akiyeyusha alumini na kutengeneza sufuria, amwage nyingine kwenye kalibu. Ikachongwa, ikaingia sawasawa. Baada ya miezi miwili injini ikaanza kukohoa moshi. Alipoifungua, pistoni ilikuwa imelika ubavuni kama kipande cha sabuni. Wakaweka ya pili, nayo ikalika vilevile.

"Alumini yangu ni safi," Ombati alisema kwa uchungu. "Sichanganyi na takataka. Nayeyusha sufuria kuukuu tu."

"Labda usafi ndio shida," Marcella akasema, bila hakika yoyote.

Neno hilo likakataa kumtoka kichwani. Akamwomba Ombati amwagie vijiti vitatu vya unene wa kidole: kimoja cha sufuria, kimoja cha fremu za madirisha, kimoja cha pistoni kuukuu za malori. Kisha akavipeleka Masara kwa Abdurahman, mnunuzi wa dhahabu, ambaye mizani yake ilihisi hata chembe ya mchanga.

"Mama, hii si dhahabu," Abdurahman alisema.

"Najua, mzee. Nipimie tu, na uandike. Nitarudi navyo vikiwa vimepungua."

Abdurahman alicheka hadi akavua miwani, lakini akaandika.

Marcella akafunga drum ya breki ya lori kwenye mnyororo wa baiskeli. Kila kijiti kilisugua drum hiyo kikiwa kimekandamizwa na jiwe lilelile, kwa matone yaleyale ya mafuta, mizunguko elfu kumi. Akina mama wa Ndhiwa wakaja kupiga pedali kwa zamu, siku tatu nzima, wakiimba nyimbo za kwaya na kutaniana nani ana miguu ya jogoo. Mwenyekiti wao, Filister, alihesabu kwa punje za mahindi, moja kwa kila mizunguko mia, na kuku wa Marcella alipodonoa mbili alisisitiza kijiti kile kianze upya.

"Nyathina, mwanangu, kazi ya kupima haitaki huruma," alimwambia Marcella.

Marcella aliporudi Masara, safari hii pamoja na Ombati, Abdurahman alikuwa ameshaipangusa mizani. Akapima. Akarudia. Akarudia tena.

"Cha sufuria kimepoteza uzito mara tisa zaidi ya cha pistoni kuukuu," akasema. "Cha madirisha mara sita."

Ombati alikitazama kijiti chake kinachong'aa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa. "Miaka yote hii naringia usafi," alisema. "Kumbe mchanganyiko wa pistoni kuukuu niliokuwa naudharau ndio wenye nguvu."

Wiki hiyohiyo akayeyusha pistoni kuukuu tupu, bila hata kipande cha sufuria, akamwaga nyingine, na Marcella akaifunga. Injini ya Ndhiwa ikasaga mahindi, mtama na muhogo mkavu msimu baada ya msimu.

Mwaka mmoja baadaye Marcella akaifungua injini mbele ya kikundi kizima. Akaifuta pistoni kwa kitambaa, akaigeuza juani. Mistari myembamba iliyoachwa na kisu cha kuchongea ilikuwa bado inaonekana; haikuwa imelika. Marcella akampa Filister aishike. Mama yule akaipitishia kidole gumba polepole, akampitishia wa pili, naye wa tatu, na kabla haijamrudia Marcella walikuwa wameshaanza kucheza.