Mdomo wa Ndege ya Baba

Ndege iliyokaa juu ya friji yangu mwaka huu niliiunda mimi. Nimelikana jambo hili kwa muda mrefu hivi kwamba hata sasa, nikiliandika, natazama mlangoni kwanza. Wageni walipouliza, nilisema ni ya mtoto wa dada yangu. Uongo huo ulinitosha mpaka jirani yangu, mwenye saluni kwenye ploti yetu hapa mtaani Buruburu, aliponikumbusha kwamba dada yangu ni mtawa.

Ilikuwa ndege ya kivita ya zamani, ya injini moja, yote plastiki, ndogo kiasi cha kuenea ndani ya sufuria ya ugali. Vipande vyake huja vikiwa vimeshikana kwenye fremu, kila kimoja na nambari yake. Unavikata, unavikwangua, unavigundisha, kisha unavipaka rangi. Kwenye karatasi ya maelezo wameandika kwamba inafaa watoto wa miaka kumi na kuendelea. Mimi nina shahada mbili, na gurudumu la mkiani nililigundisha juu chini.

Sikuinunua kwa kupenda ndege. Niliinunua kwa sababu ya baba yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Bata.

Jina hilo alipewa akiwa mtoto mdogo, mtaani Kaloleni, enzi za mkoloni. Bibi, mama yake, alikuwa akifulia nguo za ofisa mmoja mzungu aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa jeshi, kule Eastleigh. Zikishapigwa pasi, shangazi yangu alitumwa kuzipeleka, akimshika mdogo wake mkono. Siku moja walirudi nyumbani Baba akilia huku amekunja kiganja. Kilichotokea huko ndicho wamebishania tangu hapo. Baba anasema aligusa ndege. Shangazi anasema ni kweli, aligusa ndege: bata mzinga wa yule ofisa, aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya Krismasi, naye akamdonoa.

Hapo ndipo lugha yetu inapoingia na kuharibu mambo. Ndege ni ndege, awe na manyoya au iwe na injini. Anayesema Kiswahili sanifu anakuonyesha tofauti kwa neno linalofuata: ndege yule ana manyoya, ndege ile ina rubani. Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hizo ngeli alitufundisha sisi watoto wa ndugu zake wakati wa likizo, tukitaka tusitake. "Ndege aliruka. Ndege iliruka. Ni yupi anayetaga mayai?" Aliyekosea alikwenda kuchota maji. Kwa hiyo anaposimulia kisa chake, kwenye harusi au kwenye matanga, husema wazi: "Ndege yule akamdonoa, akalia mpaka Jogoo Road." Watu hucheka kila mara, hata wale walioanza kukisikia kabla sijazaliwa.

Baba naye alikulia Kaloleni, akafanya kazi relini, na mpaka leo anaishi Makongeni. Kiswahili chake ni cha huku kwetu. "Mimi niliishika na hii mkono," husema. "Hiyo ndege ilikuwa na mdomo nyekundu." Anasema ile, hasemi yule. Lakini ushahidi wake haukuwahi kumsaidia, kwa sababu Baba husema pia ile kuku, ile mbwa, na akikasirika, ile askofu. Kwenye kinywa chake kila kitu duniani ni ile. Mimi niliyesomea isimu niliwahi kumweleza kwamba angesema sanifu tangu mwanzo, watu wangejua anazungumzia nini. "Nilikuwa na miaka mitano, Mama," akasema. Huniita Mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Ningewaambia ngeli gani?"

Sasa mama yangu mzazi hayupo tena, na tumekubaliana Baba akaishi ushago, yaani kijijini, magharibi mwa nchi, kwenye boma la Shangazi. Nyumba iko tayari, dirisha linatazama migomba. Lakini kila tukipanga siku ya kusafiri, anapata udhuru. Mara magoti, mara kwaya, mara redio iko kwa fundi. Mwishowe alisema ukweli: "Siwezi enda kuishi mahali naitwa Bata mpaka nikufe. Huku angalau majirani hawajui."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba huenda hakuwahi kucheka hata siku moja, katika matanga yote hayo.

Ndipo nikaanza kumwonyesha picha za ndege za zamani kwenye simu. Alizipita upesi upesi kama mtu anayekagua nyanya, akasimama kwenye moja. Hakuijua kwa jina. "Hii ilikuwa inasimama hivi," alisema, akainua kidevu kuonyesha. "Mdomo juu, matako chini." Sina hakika ilikuwa aina hiyo hasa, na sidhani kuna mtu anayeweza kuwa na hakika. Lakini nilikuwa nimeona boksi lenye ndege inayosimama hivyo hivyo kwenye duka moja la vitu vya watoto mjini, rangi ya boksi imefifia kwa jua la dirishani. Nikaenda nikalichukua, nikamwambia muuzaji, bila yeye kuniuliza, kwamba ni la mtoto wa dada yangu.

Nusu mbili za bawa nilizibana kwa vibanio vya nguo. Tupa ya kucha ilisugua gundi iliyofurika. Kioo cha rubani nilikigundisha kwa supagluu kwa sababu nilikuwa na haraka, na asubuhi nikakikuta kimeingia ukungu mweupe ndani, hakifutiki. Sasa rubani wangu, kama angekuwapo, angeruka kwa kubahatisha.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mdomo, yaani ile koni ya mbele inayoshika panga linalozunguka. Baba alitaka uwe mwekundu. Rangi za boksi hazikuwa na nyekundu, na mimi, badala ya kutafuta rangi inayofaa, nikachukua rangi ya kucha. Iling'aa vizuri kwa muda mfupi. Kisha plastiki ikaanza kulainika na kukunjana kama ngozi ya maziwa. Nikakimbilia saluni kuuliza jinsi ya kuitoa.

Jirani yangu aliishika ndege, akaigeuza. "Madam. Umeipaka kucha?"

"Ni ya mtoto wa dada."

"Yule sista?"

"Dada mwingine."

"Huna dada mwingine." Akawageukia wateja wake waliokuwa chini ya madraya. "Jameni, madam ameleta ndege manikyua." Kisha akanionya nisitumie asetoni ya kutolea rangi, maana ingeimaliza kabisa. Akaukwangua mdomo ule mwenyewe kwa tupa laini, taratibu, mpaka ukarudia umbo lake. Ukabaki kijivu, mtupu.

Niliipeleka hivyo Makongeni Jumapili moja baada ya kanisa, pamoja na kopo dogo la rangi nyekundu ya kweli, kopo la nyeusi lililotumika kwenye magurudumu, na brashi. Baba aliiweka juu ya kitambaa cha meza, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na mabawa. Alinyoosha kiganja, akakisimamisha karibu na bawa bila kuligusa, kama mtu anayepima joto la pasi.

Nilikuwa nimeshafungua kopo la nyekundu wakati simu yangu ilipolia. Shangazi. Baba akanipungia mkono niweke spika, kisha akaweka kidole mdomoni: yeye hayupo.

"Mwanangu, huyo Bata anakuja au haji? Kitanda kimefika, kinanikodolea macho hapa sebuleni."

"Anakuja, Shangazi. Tunafunga mizigo."

"Mizigo gani? Redio na kofia?"

"Na ndege."

"Ndege gani?"

"Nimemuundia ndege. Ya plastiki."

Alicheka mpaka akakohoa. "Anadonoa?"

"Haidonoi. Imebaki kupaka mdomo tu. Baba anataka mwekundu."

"Mwekundu!" Sauti ya ualimu ikarudi yote. "Huyo mtu tangu utotoni anachanganya vitu. Mwenye wekundu alikuwa yule. Ile ilikuwa na mdomo mweusi, mweusi ti, kama sufuria ya—"

Nilisikia kuku wake, na mtu akipasua kuni mbali kidogo.

"Shangazi," nikasema, "umesema ile."

"Nimesema nini?"

"Ile ilikuwa na mdomo mweusi."

"Nimezeeka. Ulimi unateleza."

Mtu aliyemtuma mtoto wa ndugu yake kuchota maji kwa sababu ya kiambishi kimoja hawezi kuniambia ulimi unateleza. Lakini sikuwa na haja ya kusema hivyo, kwa kuwa Baba alikuwa ameshaisogelea simu.

"Mwalimu," akasema. "Rudia hiyo sentensi."

Nilidhani amekata simu.

"Kumbe uko hapo," akasema Shangazi.

"Niko."

"Bata mzinga alikuwa ndani ya ua. Ndege ilikuwa ng'ambo ya seng'enge, na Mama alikuwa ametukataza kupita seng'enge. Mimi ndiye niliyekuinua ukapita. Bati lake lilikuwa limeshinda juani, ukaweka kiganja chote, kikaungua. Ningemwambia Mama ni ndege ile, ningechapwa mimi."

"Mama alikufa zamani."

"Najua. Lakini watu walikuwa wameshaizoea hadithi. Na walikuwa wanacheka." Akavuta pumzi. "Nilikupaka samli. Unakumbuka samli?"

Baba alitazama kiganja chake. "Nakumbuka."

"Basi njoo. Njoo na hiyo ndege yako, tutaiweka sebuleni, na watoto wakija nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ile."

"Sema kwa sauti, spika ni mbaya."

"Ndege ile!" akapaza Shangazi, kuku wakatawanyika. "Ile, ile, ile! Umeridhika? Sasa kitanda kiingie chumbani ama nikiuze?"

"Kiingie," akasema Baba. Kisha, simu ikiwa bado hewani, akafunika kopo la nyekundu na kunisogezea lile la nyeusi.

"Na ile nyekundu, Baba?"

"Nani alisema nyekundu?"