Lifti na Ada ya Taa za Jirani

Mkewe na mwajiri wake tu ndio waliokuwa wakimwita kwa jina lake. Wengine wote walimwita Lifti. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti kwenye maghorofa ya watu, na yeye mwenyewe aliishi ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo halikuwa na lifti. Kila jioni alipanda ngazi akihema na kupumzika kila kona, tumbo likitangulia, na majirani hawakuchoka kumuuliza kama kuna kitufe amesahau kubonyeza.

Mambo yalianza mama mkwe wake alipohamia kwao. Magoti ya bibi huyu yalikuwa yamegoma kazi, ila ulimi ulikuwa bado kijana. Alikuwa akimwita binti yake kutoka jikoni aje azime taa ya sebuleni, na binti akisharudi kwenye sufuria, anamwita tena aje aiwashe. Lifti, aliyemwogopa mama mkwe kuliko alivyoogopa nyaya zenye umeme, akajifungia chumbani Jumamosi na Jumapili, yeye na kompyuta moja ndogo, bisibisi na rundo la vidude vya kuunganisha swichi. Alipotoka alimkabidhi bibi simu kwa mikono miwili.

"Mama, bonyeza hapo."

Bibi akabonyeza. Taa ikazimika. Akabonyeza tena, ikawaka.

"Kumbe una akili, mkwe wangu," alisema. "Nilikuwa nasubiri tu ionekane."

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa yake. Mgeni akimchosha, taa inazimika. Mgeni asiyeelewa, feni nayo inasimama. Wageni hao walikuwa majirani, nao badala ya kukasirika waliingiwa na tamaa. Wa kwanza alikuwa kinyozi mwenye duka chini ya jengo, aliyetaka taa za vioo na redio yake ziitikie simu. Akafuata Mwalimu wa ghorofa ya kwanza, mama mwembamba aliyefundisha jiografia mpaka akastaafu na ambaye bado alizungumza na watu wazima kana kwamba wamekaa dawati la nyuma. Baada ya hapo ikawa jengo zima: taa, feni, hita za maji, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu, mpaka kufuli la geti. Vyote vilitii kompyuta ile ndogo iliyokaa kwenye rafu sebuleni kwa Lifti. Watu wakaiita Ubongo.

Yote hayo yalikuwa bure, na Lifti aliyapenda hivyo. Akipita, watu walinyanyuka. Mtu akipata hitilafu alipanda ngazi kwa adabu, akabisha polepole, akaanza na habari za familia hadi zilipokwisha. Ndipo Lifti anamgombeza. "Si nilikwambia usiguseguse?" Mtu anainamisha kichwa. Na kinyozi akizidisha sauti ya redio, Lifti analala kwenye kochi lake ghorofa ya nne, ananyoosha kidole kimoja, na mtaa mzima unanyamaza. Mfalme gani ana zaidi ya hapo?

Kisha Jumamosi moja adhuhuri Ubongo ukatoa moshi ukafa. Geti likajifunga, watu wakabaki nje na mifuko ya sokoni. Mteja wa kinyozi akabaki na nywele upande mmoja. Mwalimu alikuwa bafuni na sabuni kichwani wakati pampu iliposimama, na maneno aliyoyasema huko ndani hayakuwa ya jiografia.

Lifti alikimbia mjini akanunua kompyuta nyingine. Alipoiwasha, jengo likapiga vigelegele. Mkewe hakupiga.

"Umenunua kwa pesa gani?" alimuuliza. Alikuwa fundi cherehani, na swali lile alikuwa tayari ana jibu lake.

"Nitarudisha, mke wangu."

"Hiyo ilikuwa ya cherehani yangu. Sasa nisikilize. Ama hao watu walipe, ama wewe uhamie hapo kwenye rafu ulale na mpenzi wako."

Lifti akaitazama rafu. Ilikuwa nyembamba.

Akaandika tangazo kwenye kundi la simu la wakazi. Alilipamba mno: huduma endelevu, ushirikiano wa wadau, mchango wa kila mwezi. Halafu Mwalimu akajibu, akasahihisha tahajia yake sehemu mbili. Kinyozi akatuma vikaragosi vinavyolia, mstari mzima.

Mkutano ukafanyika juu ya paa, kati ya kamba za nguo, shuka zikiwapiga watu usoni.

"Yaani niwashe taa yangu, kwa umeme wangu, nyumbani kwangu, halafu nikulipe wewe?" kinyozi alianza.

"Siyo taa. Ni Ubongo."

"Ubongo tulikuwa nao hata kabla yako, bwana."

"Basi mngeutumia," Lifti alisema, na hapo mkutano ukaharibika.

Kinyozi akaapa hatalipa ng'o. Lifti akamkatia huduma hapohapo, mbele za watu, kwa kidole kilekile cha redio. Kinyozi akashuka kwa madaha, akisema swichi za ukutani hazijafa, babu yake alizitumia na aliishi miaka mingi. Alipofika dukani ndipo alipokumbuka kwamba alipoacha kuzitumia alizifunika kwa vioo virefu, vimepigiwa skrubu kila kona. Asubuhi iliyofuata wateja walimkuta amebana shavu ukutani, mkono umezama nyuma ya kioo mpaka kwapani, akipapasa kwa mpini wa brashi. Alipata feni mara mbili kabla hajapata taa.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kulipa.

"Nalipa huku nikipinga," alimwambia Lifti mlangoni. "Na naomba risiti."

Wengine wakafuata mmojammoja. Kinyozi alihimili vioo vyake kwa siku chache, kisha naye akalipa bila kumtazama mtu. Mke wa Lifti alizipokea pesa kabla hazijazoea mfuko wa mumewe, na haukupita muda cherehani mpya ikaanza kulia dirishani.

Hapo ndipo Lifti alipopaswa kustarehe. Badala yake akaanza kukonda.

Kumbe adabu yote ile ilikuwa ndiyo malipo, na watu walipoanza kutoa pesa waliiondoa. Hakuna aliyeuliza tena habari za familia. Mlango ulipigwa kwa ngumi.

Mwalimu alikuja Lifti akiwa katikati ya chakula cha mchana. "Taa yangu ya roshani imechelewa kuwaka."

"Imechelewa kiasi gani, Mwalimu?"

"Kiasi cha mimi kuchukia."

"Lakini imewaka?"

"Mimi silipii kuwaka. Nalipia kuwaka *kwa wakati*."

Kinyozi naye akapata sauti. Redio yake ikaunguruma mpaka vikombe vya Lifti vikacheza kabatini. Lifti akanyoosha kidole, redio ikanyamaza, na dakika hiyohiyo kinyozi akawa mlangoni, amepanda ghorofa nne bila kuhema.

"Umenizimia redio?"

"Ilikuwa juu sana, ndugu yangu."

"Mimi siyo ndugu yako, mimi ni mteja. Washa."

Lifti akawasha. Alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, wimbo wa mwenzake ukimtikisa meno. Mama mkwe akamtazama kwa huruma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

"Umejiuza, mwanangu," alisema. "Tena bei rahisi."

"Ni binti yako aliyeniuza, mama."

"Najua. Nimemlea vizuri."

Lifti alivumilia mpaka siku alipoamshwa usingizi wa mchana na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja na hita yake. Alichomoa Ubongo kwenye rafu, akaukumbatia pamoja na nyaya zake, akashuka nao ngazi huku nyumba zikizimika nyuma yake na watu wakichungulia milangoni. Akabisha kwa Mwalimu.

"Chukua," alisema. "Wewe unajua kila kitu kinavyotakiwa kuwa. Nitakufundisha, kisha uniache nife kwa amani."

Mwalimu hakushangaa. Alivaa miwani, akavuta kiti. "Anza mwanzo," alisema, "na usirukeruke."

Alishika kazi ile kama aliyekuwa akiisubiri tangu astaafu. Alichora ramani ya jengo, ghorofa kwa ghorofa, kila taa na rangi yake. Akapanga saa za kupokea michango na malalamiko, na nje ya saa hizo hakufungua mlango hata kwa moto. Redio ya kinyozi aliiwekea kikomo cha sauti, na kinyozi, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, hakuthubutu kusema kitu. Ubongo haukuwahi kufanya kazi vizuri kama ulivyofanya kwake. Lifti alipogundua hilo moyo ulimchoma kidogo, halafu akalala usingizi wa maana.

Lililomshtua ni kwamba naye alikatiwa. Jioni moja alifika nyumbani, hoi kwa ngazi, akakuta familia imekaa gizani, maana swichi za ukutani alikwisha kuzing'oa mwenyewe zamani.

"Mwalimu amesema hujalipa," mkewe alisema.

"Mimi? Mwanzilishi?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema waanzilishi walipe mapema."

Akashuka tena ngazi zote zile akinung'unika, matusi mazuri yakijipanga kichwani. Mwalimu alifungua, akapokea pesa, akaandika risiti kwa mwandiko wa ubaoni, akamkabidhi. Lifti akaishika. Alikuwa amekuja kugombana, ila sasa kile kikaratasi mkononi kikampa wazo tamu kuliko ugomvi. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mwalimu, kabla sijaondoka," alisema, akijiweka sawa. "Feni yangu ya chumbani."

"Ina nini?"

"Inazunguka."

"Ndiyo kazi yake."

"Inazunguka kwa dharau."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. Kisha akachukua kalamu. "Dharau ya aina gani?" aliuliza, na Lifti akaanza kueleza, bila haraka yoyote, huku mkewe akimwita kutoka juu kwamba chakula kinapoa.