Vidonge vya Fundo la Kanga

Juzi kwenye kivuko cha kwenda Busisi nilisimama nyuma ya akina mama wawili wa kijiji kimoja, wakirudi kutoka sokoni Mwanza. Yule mdogo alimnong'oneza mwenzake kwamba muwasho wa sehemu za siri umemrudia, na uchafu unatoka. Mkubwa akafungua fundo la kanga, akatoa vidonge viwili vya rangi mbili.

“Meza hivi, mwanangu. Mimi na mzee wangu tuligawana, hivi vikabaki. Si tumeambiwa tujitegemee?”

Mdogo akavirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima.

“Hapana, mama. Vya namna hii nilivyomeza mwaka jana vilinyamazisha muwasho tu. Ugonjwa ulibaki ndani, na mganga wa zahanati kaniambia ukipanda kwenye kizazi sitazaa tena. Halafu zahanati yetu matofali yake nimeyabeba kichwani. Leo niipite, nikatibiwe kwenye fundo la kanga?”

Akanyoosha kidole ufukweni, kwa mwanamume mwenye baiskeli. “Baba watoto yule pale ananisubiri. Tunatibiwa wote.”

Abiria tuliojifanya hatusikii tulinyoosha migongo, kana kwamba matofali tulibeba sisi. Nami nimeijaza safu hii ya gazeti maneno ya kujitegemea, lakini sijawahi kuyaeleza vizuri namna ile.

Yule mkubwa alivishika vidonge kiganjani mpaka kivuko kilipogusa nchi kavu. Ndipo akamshika mwenzake mkono.

“Maji ya kufyatulia matofali yale nilichota mimi,” alisema. “Twende.”