Miguu ya Cucu

Harufu ya rejeta inayovuja ni tamu, kama sukari inayoungulia sufuriani. Nikiisikia hata leo katikati ya mji wa Nyeri, miguu yangu huanza kuona baridi, nami humkumbuka Cucu, mama yake baba.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao kwetu mlima haujitokezi kabisa na kila mtu hulalamikia baridi. Asubuhi hiyo tulipigiwa simu kutoka Nanyuki: Muthoni, mdogo wake Cucu, amelazwa na hali yake ni mbaya, njooni mapema. Baba akawasha gari lake kuukuu. Cucu akaketi mbele, akavua viatu ili hita impulizie miguuni, mimi nikakaa nyuma na chupa ya chai mapajani.

Hatujafika Naro Moru, Cucu akasema, "Miguu yangu imeshikwa na baridi." Baba akaongeza hita. Punde Cucu akaanza tena, "Hii kitu yako inapuliza barafu!" Baba akacheka, akaifungua hadi mwisho. Jamani, nani humsikiliza mtu wa Nyeri akilalamikia baridi mwezi wa saba? Ndipo ile harufu tamu ikaingia, na Baba alipoutupia jicho mshale wa joto, ulikuwa umeshagusa nyekundu.

Tulisimama kando ya shamba la viazi. Boneti ilipofunguliwa, mvuke ulitoka hadi nikadhani tunaungua. Baba hakugusa kifuniko cha rejeta. Tulikunywa chai tukingoja injini ipoe. Cucu alishika kikombe tu, macho yake upande wa Nanyuki. Baba akanieleza kwamba maji ya moto ya injini ndiyo hupita kwenye hita na kutupasha joto. Yakivuja yakaisha, hita hupuliza baridi ya nje. Alichungulia huku na huku mpaka akauona mpira wa maji uliopasuka.

"Maitu," akamwambia mama yake kwa aibu kidogo, "miguu yako ilijua mbele yangu."

Aliufunga mpira kwa ukanda wa tyubu, akamimina maji ya mtungi taratibu. "Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Hiyo ambia watu wako na wakati," Cucu akajibu.

Kabla ya kuondoka Baba akamwonya, "Hii tyubu si ya kuamini. Ukisikia baridi tena, sema tusimame. Tukilazimisha, injini itakufa."

Basi njia nzima akawa anauliza. "Maitu, miguu iko aje?"

"Iko moto."

Baadaye kidogo, "Na sasa?"

"Moto kabisa. Wewe endesha."

Gari lilizimika lenyewe langoni mwa hospitali, likifuka moshi. Niliinama nimvalishe Cucu viatu, nikashtuka. Miguu yake ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Akaniwekea kidole midomoni, nisiseme.

Muthoni alikuwa macho. Walishikana mikono wakanong'onezana mambo ya usichana wao, na mara moja nikawasikia wakicheka. Siku chache baadaye tukamzika.

Injini ile haikuwaka tena, na Baba akaanza kutembea kwenda kazini. Wajomba walimtania, naye akacheka nao. Mimi nilimwonea huruma sana, baba yangu, kudanganywa na mama yake mzazi, lakini siri ya Cucu sikuitoa.

Niliitunza hadi nilipojifunza kuendesha gari mwenyewe. Siku moja, nikipanda kuelekea Nanyuki, nilitazama mbele ya usukani, nikaona mshale wa joto. Nikapunguza mwendo, nikasimama kando, nikalia. Mshale kama huo ulikuwa mbele ya macho ya Baba safari ile nzima. Aliuona ukipanda, na kila ulipopanda alimgeukia mama yake akamuuliza habari za miguu, ili Cucu apate kumwambia endesha.